Mabaki ya rangi Kabondo-Dianda yahesabiwe, yasimwagwe mtaroni

Kiangazi ndicho kipindi cha kupaka rangi katika jimbo la Haut-Lomami. Mvua zikikatika, kuta hukauka, mafundi huanza kutafutwa, na kati ya mwezi wa saba na wa nane shule huharakisha kupaka madarasa kabla wanafunzi hawajarudi mwezi wa tisa. Kabondo-Dianda, mji mdogo ulio kwenye reli kati ya Bukama na Kamina, hauko nje ya desturi hiyo. Rangi haitengenezwi hapo. Inatoka mbali, kwa treni au kwa lori, na bei yake inabeba pia gharama ya safari, ya kusubiri na ya vizuizi vya njiani.

Kitu kinachofika kwa taabu namna hiyo kingestahili kutunzwa hadi tone la mwisho. Lakini kazi ikiisha, ni nadra kuona mtu akiandika kilichobaki. Rangi ya maji humwagwa mtaroni pamoja na maji yaliyooshewa brashi. Rangi ya mafuta huachwa wazi kwenye pembe ya stoo hadi iote ngozi ngumu. Nusu ndoo nyingine huondoka na fundi, kimya kimya, bila mtu kusema kama ni zawadi, ni ujira au ni wizi. Na ndoo tupu, ikiwa na mfuniko mzuri, hupata kazi ya pili siku hiyo hiyo: kuchota maji au kuhifadhi unga.

Mambo hayo yanaweza kubadilishwa bila kiwanda na bila mfadhili. Kinachokosekana ni utaratibu, na wenye wajibu wa kuuweka wanajulikana: viongozi wa mji, wakuu wa shule na wa vituo vya afya, na wenye kampuni za ujenzi zinazolipwa kwa fedha za umma.

Hesabu ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu mabaki mengine ya rangi hayakubaki, yalibakishwa. Kila aliyewahi kujenga anaijua hila hiyo. Fundi huongeza maji kwenye rangi kupita kiasi, ukuta unapata rangi hafifu ambayo mwaka mmoja baadaye inabaki kwenye nguo ya mtoto akiuegemea, na ndoo zilizookolewa zinauzwa mtaani kwa bei ya chini. Mwenye kampuni naye anaweza kuandika ndoo kumi kwenye karatasi na kununua sita. Mkuu wa shule anayepokea jengo hana jinsi ya kubisha, kwa sababu hakuna aliyemfundisha hesabu yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua darasa la mita 8 kwa 6, lenye kuta za urefu wa mita 3. Kuta zake nne ni mita za mraba 84. Ukiondoa milango na madirisha, hubaki karibu 70. Mikono miwili ya rangi inafanya 140. Lita moja ya rangi ya maji isiyochakachuliwa hufunika mita za mraba kama 10 kwenye ukuta laini, na pengine 7 kwenye plasta ya kukwaruza. Kwa hiyo darasa moja linakula lita 14 hadi 20, yaani si zaidi ya ndoo moja kubwa ya lita 20. Shule ya madarasa sita haiwezi kumeza ndoo kumi ndani ya madarasa yake. Ikiwa karatasi inasema kumi na ukuta unasema sita, basi ndoo nne ziko mahali fulani, na ni haki ya kamati ya wazazi kuuliza ni wapi.

Swali hilo lina uzito zaidi leo. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na mengine yanajengwa. Programu ya maendeleo ya maeneo 145, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha PDL-145T, imeahidi shule, vituo vya afya na ofisi za utawala katika kila eneo la nchi, Bukama ikiwa mojawapo. Kila jengo la aina hiyo hupakwa rangi ndani na nje, na kila moja huacha mabaki. Mabaki hayo yamelipiwa na serikali. Si ya kampuni, na si ya fundi, hata kama desturi imemzoesha kuyabeba. Fundi anayelipwa vizuri hana sababu ya kutegemea nusu ndoo. Anayelipwa vibaya anastahili kuongezewa mshahara kwa pesa, si kwa rangi ya shule.

Mkataba wa ujenzi ungehitaji mistari mitatu tu kuhusu jambo hili. Mabaki yapimwe na kuandikwa siku ya kukabidhi jengo. Yaachwe kwa shule au kituo, yamefunikwa vizuri, kila ndoo ikiandikwa jina la rangi, tarehe na chumba ilikopakwa. Na kampuni iondoe yenyewe vile visivyofaa, pamoja na ndoo zake. Sheria haipingani na hilo, kinyume chake. Sheria ya mazingira ya Kongo, nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inaiweka kazi ya kusimamia taka mikononi mwa serikali, jimbo na tawala za chini. Haikusema lazima kwanza lije gari la taka kutoka Ulaya.

Baada ya kuhesabu kunakuja kutenganisha, na hapo ndipo wengi hukosea. Rangi ya maji na rangi ya mafuta ni vitu viwili tofauti hata kama ndoo zinafanana. Ya maji huyeyuka kwa maji na brashi yake huoshwa kwa maji. Ya mafuta huhitaji tina au petroli. Ukizichanganya, zinakatika kama maziwa yaliyoganda, na umepoteza zote mbili.

Rangi ya maji iliyobaki ina maisha marefu ikifunikwa barabara na kuwekwa kivulini. Fundi mzoefu huijaribu kwa pua na kwa kijiti. Ikinuka kama yai bovu, imeshaliwa na vijidudu, wala haifai ndani ya nyumba. Ikiwa na mabonge lakini haina harufu mbaya, huchujwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, ikakorogwa na kutumika. Mabaki ya ndoo tano yakichujwa na kuchanganywa pamoja hutoa rangi moja ya kijivu au ya maziwa yaliyotiwa chai. Haivutii sana, lakini kwa mkono wa kwanza wa rangi, kwa ukuta wa choo, kwa ua na kwa stoo inafaa kabisa. Akina mama wa mji huu ambao hupaka kuta za tope kwa udongo mweupe hawangeikataa ikitolewa bure badala ya kumwagwa.

Hata iliyoharibika kiasi cha kutopakika bado ina kazi. Huko New Zealand, kampuni ya rangi ya Resene ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kupokea mabaki kutoka kwa wateja. Baada ya utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Auckland, rangi ya maji isiyofaa tena kupakwa ilianza kutiwa kwenye zege la kujazia matofali, ikichukua nafasi ya sehemu ya maji na ya dawa zinazolainisha zege. Si teknolojia ya ajabu. Gundi iliyo ndani ya rangi ya maji hushikana na saruji. Fundi wa Kabondo-Dianda anayechanganya mota ya kujazia msingi wa ukuta mdogo, wa banda au wa choo anaweza kujaribu kwa kiasi kidogo, akaona inavyoshika, kabla ya kuitumia penye uzito. Nguzo na lenta zisiguswe na majaribio hayo.

Nchi nyingine zimeunda mitandao mikubwa. Uingereza ina mpango unaoitwa Community RePaint tangu mwaka 1993, unaokusanya rangi iliyobaki majumbani na kuigawa kwa shule, makanisa na familia maskini. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria ambayo tangu mwaka 2010 inamtoza mnunuzi wa kila kopo ada ndogo ya kulipia ukusanyaji wa mabaki, na majimbo mengine yakafuata. Ni mfano mzuri wa kusoma, si wa kunakili. Anayefikiria kuongeza ada nyingine kwenye ndoo ya rangi Kongo ahesabu kwanza ushuru ambao ndoo hiyo imeshalipa kabla ya kufika sokoni.

Upo pia msaada wa rangi. Shirika la Global Paint for Charity la Atlanta hukusanya rangi iliyobaki Marekani na limepeleka shehena Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa ajili ya shule na vituo vya watoto. Nia ni njema, na kuta nyingi zimependeza. Lakini mji unaomwaga rangi yake mwenyewe mtaroni huku ukisubiri kontena la mabaki ya wengine haujajipanga. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliandikwa hasa kwa sababu Afrika ilichoka kupokea taka za sumu kutoka nje. Ndoo ya msaada isiyo na karatasi inayosema kilichomo ndani haipaswi kufunguliwa, hata ikiwa na picha ya watoto wanaocheka.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine, nayo ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Kwanza kuna tina. Mafundi wengi huosha brashi, kisha humwaga tina chafu ardhini. Wangeiacha kwenye kopo lililofunikwa kwa siku chache, rangi ingezama chini na tina safi ingebaki juu, tayari kutumika tena. Ni akiba kwa mfuko wa fundi mwenyewe. Tope la chini hukaushwa kwa mchanga au vumbi la mbao, mbali na moto, kisha huzikwa au kuhifadhiwa mbali na kisima. Matambara yaliyolowa mafuta ya rangi yasirundikwe pamoja, kwa kuwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka usiku bila mtu kuwasha kiberiti.

Pili, kuna risasi, madini ambayo wengi Kongo huyaita plomb. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi viliyatumia ili rangi ikauke haraka, ing'ae na idumu, hasa kwenye njano na nyekundu za mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka katika kiasi kile kile alichomeza. Haiumi, haitapishi mara moja. Hupunguza akili ya mtoto polepole, na mwalimu husema tu kwamba mtoto huyo ni mzito wa kuelewa.

Mji wa reli una sababu ya pekee ya kulijali hilo. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na ile ya kupitia Kamina hadi Port-Francqui, leo Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1921, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mjini Geneva mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Mkataba huo uliacha mlango wazi kwa aina mbili za majengo: viwanda na stesheni za reli. Vyuma vya madaraja na mabehewa navyo, popote duniani, vilipakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile minium, ambayo ni oksidi ya risasi. Kwa hiyo mtu anayekwangua kwa msasa mkavu ukuta, dirisha au chuma cha zamani cha reli ili akipake upya, au anayenunua chuma chakavu chenye rangi hiyo na kukichoma, achukulie kwamba kina risasi hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukwanguaji ufanywe kwa maji, watoto wakiwa mbali, vumbi likusanywe kwenye mfuko, na fundi anawe mikono na uso kabla ya kula bukari yake.

Mwenye shaka afuate reli hiyo hiyo kuelekea kusini, apite Lubumbashi na Sakania, aingie Zambia hadi Kabwe. Mgodi wa risasi wa huko ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa baada ya kufungwa bado wanakutwa na risasi kwenye damu.

Pwani ya Kenya inatoa somo lingine, la kurejeleza vibaya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukutani mwa makazi ya watu. Kilikuwa kikirejeleza taka, jambo ambalo kila kiongozi angelisifu kwenye hotuba. Watu waliugua. Mwezi wa saba mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikakatiwa rufaa, na ni mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliporudisha fidia hiyo. Ndiyo sababu watu wa Kabondo-Dianda hawapaswi kushangilia kila anayekuja na neno la kurejeleza. Waulize kwanza anarejeleza nini, wapi, na moshi na maji yake vinakwenda kwa nani.

Hilo linarudisha hoja kwenye ndoo. Haut-Lomami ni miongoni mwa majimbo ambayo kipindupindu hakiondoki kabisa, na watu wameshauriwa kwa miaka mingi kuweka maji ya kunywa kwenye chombo chenye mfuniko. Ndoo ya rangi inao mfuniko, ni imara, na ni rahisi kuliko bidoni mpya. Kumlaumu mama anayeitumia ni kukosa haya. Lakini plastiki ile haikutengenezwa kwa chakula. Rangi ya maji hutiwa dawa za kuua vijidudu ili isioze, na ya mafuta huacha ndani ya plastiki vitu ambavyo sabuni na mchanga haviondoi. Maji yakikaa humo usiku kucha, yanachukua kilichomo.

Kwa hiyo ndoo isichomwe, kwa maana moshi wake nao ni sumu, wala isitupwe. Ipewe kazi inayoifaa. Ya rangi ya maji, ikioshwa vizuri, inafaa kubebea mchanga, kuchanganyia mota, kuwekea majivu ya choo, kuoteshea miche, hata kutobolewa na kutiwa bomba la kunawia mikono mlangoni mwa darasa. Ya rangi ya mafuta ibaki kwa mafundi na kwa gereji. Zote mbili zisiingie jikoni, wala zisipime unga sokoni. Wauzaji wa meka wanaweza kukubaliana wenyewe juu ya hilo, na mkuu wa soko akalisimamia. Shule inayotaka kuonyesha mfano itoboe ndoo zake sehemu ya chini kabla hazijatoka uwanjani. Ndoo iliyotobolewa hupanda mche, haichoti maji.

Serikali kuu nayo ina sehemu yake, na si ndogo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na viwango vya rangi vya jumuiya hiyo vinaweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 90 kwa kila kilo. Bidhaa nyingi zinazoingia kusini mwa nchi hupita Kasumbalesa, ambako Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, hukagua na kutoza. Malipo hayo yanapaswa kununua kipimo. Mnunuzi wa Kabondo-Dianda hana maabara, ana macho na pesa zake tu. Kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na kweli halina, lingekuwa msaada mkubwa kwake kuliko semina.

Wakati hayo yakisubiriwa, mji unaweza kuanza na chumba kimoja chenye kufuli, kwenye shule moja au kwenye ofisi ya mji, ambamo mabaki ya rangi ya majengo ya umma yataletwa, kupimwa kwa lita na kuandikwa kwenye daftari: nani ameleta, nani amechukua, kwa ukuta gani. Rangi ya maji upande mmoja, ya mafuta upande wa pili, juu ya saruji na si juu ya udongo. Daftari hilo liwe wazi kwa mzazi yeyote. Mvua huanza mwezi wa kumi, na ndoo zilizoachwa wazi nyuma ya madarasa zitakuwa zimejaa maji kabla ya mwezi huo kuisha. Kuzipitia shule za mji na kuzihesabu ni kazi ya siku chache kwa watu wawili wenye kalamu na rula.